Mfagizi Aliyefunika Udongo

Kilwa Masoko nzima, mtu aliyewahi kuikosoa kazi yangu ya bustani nami nikanyamaza ni mmoja tu, naye alikuwa mfagizi wa shule. Sisemi hivi kwa kujishusha. Nina stashahada ya kilimo cha bustani, niliyoisomea Morogoro kwa jasho langu, bila mjomba wala mfadhili. Nimefanya kazi kwenye bustani za hoteli kubwa Dar es Salaam, ambako wageni walikuwa wakipiga picha maua yangu kabla hawajaitazama bahari. Niliporudi nyumbani nilianzisha kitalu, na leo mtu akishuka kwenye basi akiuliza penye miche, anaelekezwa kwangu kabla hajamaliza sentensi. Lakini mama yule alikuwa akija pale kitaluni, anauangalia mche nilioupanda, anainama, anaugusa kwa kidole kimoja, kisha anasema neno moja: "Rudia."

Jina lake nalijua, ila silitaji, kwa sababu mwenyewe hakupenda litembee mitaani. Wanafunzi tulimwita Bi Mfagizi. Watu wazima walisema Mfagizi tu, na hata imamu akimpelekea salamu alisema mfikishieni Mfagizi. Yeye naye hakuwaita watu kwa majina. Mwalimu mkuu alikuwa Bwana Kengele. Jirani yake aliyependa kukopa chumvi alikuwa Bi Chumvi. Mimi, tangu darasa la pili hadi nilipokuwa na mke na watoto na kitalu, nilikuwa Mchelewaji.

Nilikuwa nachelewa kweli. Mama yangu alikuwa akipika vitumbua, na mimi ndiye niliyevizungusha asubuhi, kuanzia bandarini mpaka stendi, kabla sijakimbilia shule na mikono inanuka iliki. Kila mafanikio niliyonayo yana mizizi kwenye lile sinia. Lakini mwalimu wa zamu hakutaka kujua habari za sinia. Adhabu ya kuchelewa ilikuwa kufagia, na wachelewaji tulikabidhiwa kwa Bi Mfagizi kama mizigo iliyokosa mwenyewe.

Hakuwa mkali wa fimbo. Alikaa kwenye gogo lake, ametupa mgongo, akichambua njiti za mnazi za kufungia fagio jipya kwa kipande cha kanga. Hakututazama hata mara moja. Alitusikiliza. Fagio likipita taratibu hakusema kitu. Likikwaruza, alisema bila kugeuka, "Rudia. Unachukua na udongo." Na kurudia kwake hakukuwa kufagia tena. Ilibidi kwanza uurudishe kwa mikono ule mchanga uliouchukua, uusawazishe mahali ulipokuwa, ndipo uanze upya kwa mkono mwepesi. Wenzangu walimwona mtu wa ajabu. Mimi, kwa kuwa nilichelewa kuliko wote, nilikuwa na muda mrefu wa kumzoea.

Alikuwa na msemo mmoja aliousema kila wiki. "Ufagio hauna adabu," alisema. "Ukiuachia, unachukua hata kisichotupwa."

Mtu asiyeijua pwani yetu hawezi kuelewa jinsi maneno hayo yalivyokuwa mageni masikioni mwetu. Kwetu usafi ni uwanja mtupu. Mwanamke anaamka, anasali, anashika ufagio, na jua likichomoza uwanja wake umechorwa mistari ya njiti kama kitambaa kilichopigwa pasi. Jani bichi karibu na mlango ni uvivu, na uvivu huleta nyoka. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, naye na mama yake. Sasa huyu, ambaye serikali ilimwajiri kwa ajili ya ufagio, ndiye aliyekuwa akiusema vibaya mchana kweupe.

Sababu yake ilikuwa mti mmoja wa mkungu. Ulisimama mwisho wa madarasa, pale kiwanja kinapoanza kushuka kuelekea baharini. Shule nzima iliishi chini yake. Tulikunywa uji pale, tulipasua kungu kwa mawe pale, na darasa la kwanza lilisomea pale vyumba vilipokuwa havitoshi. Majani ya mkungu ni makubwa kama viganja, yanaiva mekundu na kudondoka kwa wingi, na kila siku Bi Mfagizi aliyafagia. Alifagia miaka na miaka, na kila siku ufagio uliondoka na mchanga kiasi cha kijiko, na kila masika mvua iliondoka na uliobaki. Siku moja akaona mizizi iko juu kama mishipa ya mkono wa mzee. Watu wakaanza kusema mti ule utaangukia darasa, ukatwe.

Aliniambia habari hiyo miaka mingi baadaye, nilipokuwa mtu mzima, na aliisema kama mtu anayeungama. "Ule mti niliuvua nguo mimi. Si mvua. Mvua ilikuta nimeshauvua."

Basi aliomba apewe masika moja kabla haujakatwa. Siku hizo alikwenda msibani kijiji cha Njinjo, na kando ya kijito akaona jani la kutambaa limefunika udongo chini ya miti minene ambako hata nyasi haikuthubutu. Alirudi nalo kwenye pindo la kanga, akalipanda chini ya mkungu. Jani lenyewe halipiti kifundo cha mguu. Ni bichi la kukolea, pana kiasi cha kidole gumba, na hutoa viua vidogo vyeupe vyenye doa la zambarau, ambavyo havionekani mpaka uiname. Jina lake la kitaalamu ninalo, nililikariri chuoni, lakini hapa mjini ukilitaja utakuwa unaongea peke yako. Sema jani la Mfagizi. Mwezi wa tisa, mji ukiwa umegeuka rangi ya gunia, chini ya mkungu palikuwa kijani. Masika ikija, palikuwa kijani. Maji yaliyoshuka kwenye mteremko yakifika pale yanatulia, yanapita kwa adabu, na udongo unabaki. Majani mekundu ya mkungu yakidondoka yalizama humo na kuoza taratibu, hayakuhitaji mtu. Mti ukakaa.

Namna alivyolipanda naieleza kama alivyonieleza, kwa sababu hata chuoni sikuona iliyoizidi. Unakata kikonyo chenye vifundo vitatu, kwa kisu, si kwa kuvunja. Majani ya chini unayatoa. Vifundo viwili unavilaza ndani ya udongo kwa kuinamisha, si kwa kusimamisha kama nguzo, kwa sababu jani hili kazi yake ni kutambaa, usilifundishe kusimama. Kati ya kikonyo na kikonyo unaacha nafasi ya shubiri moja. Unabana udongo kwa vidole viwili mpaka ukikivuta kikonyo kwa vidole, kisitoke. Unatandaza majani makavu juu. Maji ya kusuuzia vyombo yanatosha. Miezi mitatu ya mwanzo unang'oa magugu kwa mkono, umepiga magoti, baada ya hapo linajilinda lenyewe, na kazi yako ni kulipunguza pembeni lisivuke mpaka.

Na mpaka ndio uliokuwa siri yake. Watu walipomjia kumwambia anafuga nyoka shuleni, hakubishana nao. Aliacha hatua moja ya mchanga mtupu kati ya jani na ukuta, na hatua moja kati ya jani na njia, na hiyo hatua aliifagia kila asubuhi mpaka unaweza kuona nyayo za sisimizi. "Nyoka ana haki ya kupita," alisema. "Ila apite peupe."

Hakumpa mtu mche mkononi. Ukienda kwake kuomba, alikuuliza kwanza utaupanda wapi, kisha akakwambia lete kisu chako ukate mwenyewe, huku anakutazama kama mtahini. Siku moja mkulima mmoja kutoka Njinjo alipita kitaluni kwangu kununua miche ya mipapai. Aliposikia habari za jani, akauliza kama laweza kukaa chini ya mikorosho yake. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba litakaa, litahifadhi unyevu, litaua magugu, na nikamtolea mifano. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Bi Mfagizi alikuwa amekaa pembeni. Alitufuata hadi chini ya mkungu, akamwacha mtu akate vikonyo, akamwacha avifunge, kisha akaniuliza mimi, si yule mkulima, "Korosho zikidondoka ataziokota kwa pua?"

Nilicheka nikamwambia Bi Mfagizi, mwachie mtaalamu. Msimu wa korosho ulipofika yule mkulima akarudi, hana salamu. Korosho zilikuwa zimezama kwenye kijani kile, familia yake ilipapasa siku nzima kama watu waliopoteza pete, na walizozikosa ziliota. Kila mtoto wa Lindi anajua kwamba chini ya mkorosho husafishwa ili korosho ionekane. Nilijua hata mimi. Ila elimu ikiwa mpya hukaa mbele, inaziba vile ulivyovijua zamani.

Nisije nikamchora kama malaika. Alikuwa mbishi, na aliweza kununa wiki nzima kwa sababu ya ndoo. Alipenda mpira wa miguu kuliko wanaume wa kijiweni, ingawa hakuwahi kuingia uwanjani wala kuangalia mechi kwenye televisheni. Alisikiliza redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na timu yake ikifungwa hakuna aliyeruhusiwa kumsalimia mpaka kesho yake. Aliyesema ufagio hauna adabu alifagia mlangoni kwake mara mbili kwa siku. Nilipomwambia kwamba hiyo ni kujipinga, alinijibu kwamba mlangoni hapaoti mti. Aliwachukia wanaokanyaga jani lake, akawapigia kelele mpaka wakaogopa kupita, lakini watoto wa darasa la kwanza waliolilalia mchana kwa sababu lilikuwa baridi aliwaacha, na mwalimu akija kuwaamsha alimwambia ngoja kwanza.

Kuhusu elimu yangu hakuwa na haraka ya kusifu. Wiki ya kwanza niliporudi nilimpelekea cheti changu akione, kimewekwa kwenye karatasi ngumu ya plastiki. Nilikuwa nimewaonyesha watu wengi na wote walisema mashaallah. Yeye alijifunza kusoma kupitia elimu ya watu wazima, na akisoma alifuata kila herufi kwa kidole. Alisoma cheti chote, nembo na mihuri, mbele na nyuma. Kisha akauliza, "Hapa wameandika kivuli?"

Nikamwambia si rahisi kuandika kila kitu kwenye cheti.

"Sawa," akasema, akanirudishia. "Hongera, Mchelewaji."

Niliumia. Nilikuwa nimetaka aniite Bwana Shamba, kama walivyoanza kuniita watu wengine, na nadhani yaliyofuata yalitokana kwa kiasi fulani na maumivu hayo. Yeye alikuwa ameshastaafu. Mwalimu mkuu aliyekuwepo wakati huo alikuwa anatazamia wageni wa ukaguzi, akataka shule iwe na bustani ya kisasa, akaniita. Nilimwambia nitaifanya bure, kama shukrani kwa shule iliyonilea. Nilipita pale mwezi wa kumi, nikapima, nikachora mchoro wenye vipimo. Chini ya mkungu nikaandika: ondoa magugu, weka nyasi.

Kwenye vitabu vyangu nyasi ile imeandikwa kwamba inapenda jua. Niliijibu kwenye mtihani nikapata. Lakini mwezi wa kumi mkungu ule ulikuwa umepukutisha, umebaki matawi, na jua lilikuwa linafika chini bila kizuizi. Mtu aliyefagia majani yale miaka yote anajua mti unavua lini na unavaa lini. Mimi nilipima kivuli siku ambayo hakikuwepo.

Mvua za kwanza zilipoanza, vijana niliowakodi waling'oa jani lote kwa nusu siku. Likawa rundo kubwa kama kibanda. Nilikuwa nimesimama nikielekeza upangaji wa vipande vya nyasi, nikamwona Bi Mfagizi amekuja. Sijui nani alimwambia. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida. Alikwenda kwenye rundo, akachambua taratibu, akatoa vikonyo vinavyojaza mkono, akavifunga kwenye pindo la kanga kama alivyovileta kutoka Njinjo. Akaondoka. Hakusema rudia. Nilijiambia amekubali kazi, kumbe neno lile alikuwa akiwaambia watu anaotegemea kwamba watarekebisha.

Siku ya wageni palipendeza, hilo sitaliacha bila kulisema. Nyasi ilikuwa kijani laini, mipaka imenyooka, na nilisimika kibao kizuri cha mbao kilichosema bustani imetengenezwa na nani, jina langu kamili na stashahada yangu. Watu walinipa mkono. Mwezi mmoja baadaye mkungu ulivaa majani yake mapya, kivuli kikashuka kama pazia, nyasi ikawa njano, kisha ikawa nywele, kisha ikawa haipo. Masika ilipokuja ilikuta udongo hauna mlinzi. Nilikuwa nikipita kila asubuhi naona mteremko unabeba maji mekundu kuelekea chini, na mizizi inajitokeza mmoja mmoja, mpaka ule mkubwa ulioelekea darasa ukaonekana wote. Mwalimu mkuu akaniita tena, safari hii bila chai. Alisema hawezi kukaa na mti uliolegea juu ya vichwa vya watoto wa watu, kamati imeshaamua ukatwe shule zikifungwa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Kesho yake Bi Mfagizi akaja kitaluni. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Kisha akasema alipita shuleni.

"Kibao kimeshika vizuri," akasema. "Chenyewe hakitaki jua."

Nikamwambia, Bi Mfagizi, nimekosa. Nadhani lilikuwa neno gumu kuliko mitihani yote ya Morogoro.

"Sikuja kwa hilo," akasema. "Mti ule niliuvua mimi, nikauvika. Wewe umeuvua. Mimi magoti sina tena. Je, wewe unayo?"

Nikasema ninayo.

"Basi nenda kang'oe kwanza kile kibao. Halafu uje na kisu."

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamwomba anipe mpaka mwisho wa mvua, na nikamwahidi mbele ya kamati kwamba mizizi isipofunikwa nitaleta mimi mwenyewe watu wa kuukata mti. Kibao nilikiondoa mchana, wanafunzi wakitazama, na kwa mtu wa aina yangu hiyo haikuwa safari fupi. Kisha ukatangazwa mstarini utaratibu ambao kila aliyesoma shule zetu anaujua, ila safari hii haukuwa maji wala fagio wala samadi: kila mwanafunzi aje na kopo la udongo kutoka nyumbani. Walikuja na makopo ya rangi, ya maziwa, sufuria zilizotoboka. Siku tatu tulirudisha udongo kati ya mizizi, tukiubana kwa viganja. Ndipo nilipofahamu rudia ya zamani ilikuwa inatufundisha nini.

Vikonyo vilitoka nyuma ya nyumba yake, ambako vile alivyobeba kwenye pindo vilikuwa vimeshasambaa kama busati. Nilikata mwenyewe, nikapanda mwenyewe kwa magoti, mistari ikikata mteremko. Yeye alikaa kwenye gogo lake la zamani, amenipa mgongo. Nilipobana udongo kizembe alijua, sijui kwa vipi. Aliniambia rudia mara nyingi kiasi kwamba watoto wa darasa la kwanza walianza kulisema kabla yake. Mvua zilipoisha jani lilikuwa limeshikana. Mkungu upo mpaka leo. Nenda ukauone.

Aliposhindwa kuishi peke yake, binti yake aliyeolewa huko Mtama alikuja kumchukua. Siku ya kuondoka nilimwahidi kwamba Idi ikiisha tu nitakwenda kumwona. Idi iliisha, ikaja nyingine. Kitalu kilikuwa kimekua, nilikuwa na oda mpaka Lindi mjini. Nilipopanda basi hatimaye nilikuwa na vikonyo saba nimevifunga kwenye jani la mgomba, nimevikata chini ya mkungu asubuhi ile.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka chini ya mfenesi. Alikuwa amepungua, na mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili. Nikasema shikamoo, Bi Mfagizi.

"Marahaba," akasema. "Umechelewa."

Binti yake, mama mwenye moyo mzuri na mikono isiyotulia, aliniletea kiti na maji, akaniambia jinsi mama alivyo siku hizi. Hali chakula vizuri. Amejigonga mara mbili akienda kutawadha, siku hizi anamshika mkono. Na mimi nilikuwa nimeshaona. Chini ya mfenesi uwanja ulikuwa umefagiwa ukang'aa, mistari ya njiti imenyooka, na mizizi ilikuwa imejitokeza kila upande, mirefu, mikavu, imekaa kama kamba zilizotegwa. Binti alikuwa anafagia kwa mapenzi kila asubuhi ili mama yake apite pasafi.

Bi Mfagizi alisema kwa sauti ya chini kwamba alishamwomba mwanawe amwachie majani pale, akakataliwa. Binti akajitetea kwangu. "Kaka, mimi sikatai. Lakini mtu haoni, akikanyaga nyoka je? Watu watasema nimemtupa mama yangu kichakani."

Nilikuwa na hotuba nzima juu ya mmomonyoko wa udongo. Sikuitoa. Niliomba jembe, nikaleta mchanga kutoka pembeni ya shamba kwa karai, nikajaza kati ya mizizi kutoka kwenye mkeka wake mpaka bafuni, nikaubana kwa viganja. Pande mbili za mwanzo wa njia hiyo, karibu na mkeka, nikapanda vikonyo vyangu saba, vifundo viwili ndani, kwa kuinamisha, shubiri kwa shubiri. Kisha nikamwonyesha binti mpaka. Hatua moja hapa, hatua moja kule, na njia yenyewe katikati, mchanga mtupu. Hiyo utaifagia wewe, kila siku, na nyoka akitaka kuja apite peupe. Binti alilifikiria hilo. Akamtazama mama yake. Akasema hapo sawa, nyoka akipita yeye mwenyewe atamwona.

Bi Mfagizi alijivuta mpaka ukingoni mwa mkeka. Alitafuta kikonyo cha kwanza kwa vidole, akakishika shinani, akakivuta kidogo. Akaenda cha pili. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nasubiri, mtu mwenye kitalu na stashahada, kama mtoto aliyechelewa mstarini. Alimaliza vyote saba: vitano vilikuwa karibu na mkono wake, viwili nikamwongoza. Akajipangusa vidole kwenye kanga, akarudi mkekani, akatupa mgongo.

Binti akachukua ufagio ili aanze hapo hapo, maana alikuwa mtu wa kuanza. Njiti zilikwaruza mchanga mpya.

"Rudia," Bi Mfagizi akasema bila kugeuka. "Unachukua na udongo."

Binti alisimama na ufagio hewani, akanitazama kama anauliza arudie nini. Nikapiga magoti tena, nikamwonyesha jinsi ya kuurudisha kwa mikono. Tulipokuwa tunausawazisha wawili, ndipo nilipogundua kwamba mimi, kwa vikonyo vyote saba, hakuniambia rudia.